Je, Wajua? Mtumishi wa Serikali Aliyehesabu Maji ya Nile kwa Miaka 62

Je, wajua kwamba mtaalamu aliyetumia karibu maisha yake yote kuhesabu maji ya Mto Nile na maziwa yake alianza kazi kwa kushughulikia mzinga? Harold Edwin Hurst aliwasili Kairo mwaka 1906, kijana wa miaka 26 aliyeajiriwa na serikali ya Misri. Moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kupeleka saa sahihi kutoka kituo cha elimu ya nyota hadi kwenye Ngome ya Kairo, ambako mzinga ulifyatuliwa kila saa sita mchana. Alikusudia kukaa kwa muda mfupi. Alikaa miaka 62.

Je, wajua kwamba aliacha shule akiwa na miaka 15? Alizaliwa tarehe 1 Januari 1880 huko Wigston, karibu na Leicester, Uingereza, na baba yake alikuwa mjenzi wa kijijini. Kijana alijifunza useremala na kemia, akasoma madarasa ya jioni, na alipofikisha miaka 20 akapata ufadhili wa kwenda Oxford. Huko alihitimu fizikia kwa daraja la kwanza, akabaki kufundisha kwa miaka mitatu. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuongoza utafiti wa Nile hakuwahi kusomea mito darasani. Mito yenyewe ndiyo iliyomsomesha, kazini.

Wajua alihudumu chini ya tawala ngapi? Aliikuta Misri ikiwa na Khedive aliyesimamiwa na Waingereza. Akashuhudia uhuru wa 1922, ufalme, mapinduzi ya maofisa wa jeshi mwaka 1952, na urais wa Gamal Abdel Nasser. Misri ilimpa jina la Abu Nil, yaani Baba wa Nile.

Je, wajua alikuwa akiongoza nini hasa? Alipanda cheo hadi kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Fizikia katika Wizara ya Kazi za Umma. Ukisikia cheo hicho utadhani ni kazi ya kutia saini mafaili. Ilikuwa na mafaili yake, bila shaka, lakini moyo wa kazi ulikuwa kuhakikisha kwamba katika maelfu ya maili za mto, kuanzia maziwa ya Uganda hadi Aswan, vipimo vya kina cha maji vinasomwa, vinaandikwa, vinatumwa Kairo, vinakaguliwa na vinachapishwa. Mto haujali mipaka ya wakoloni wala sikukuu za ofisi, na siku ambayo hakuna aliyesoma kipimo haiwezi kurudishwa. Kwa maoni yangu huu ndio upande wa sayansi usiopewa heshima yake. Tunamsifu anayegundua kanuni, lakini yule aliyepigania bajeti ili msoma kipimo wa kituo cha mbali alipwe mshahara wake hatumtaji, ingawa bila yeye kanuni isingezaliwa.

Wajua kwamba Hurst na wenzake walianza mwaka 1931 kuchapisha mfululizo wa vitabu vikubwa kuhusu bonde zima la Nile, na kazi hiyo ikaendelea kwa miongo kadhaa? Wenzake wakuu walikuwa P. Phillips, R. P. Black na Mmisri Y. M. Simaika. Mvua, vina, mitiririko, maelezo ya kila tawi, yote yamo humo. Wahandisi wa nchi zetu za maziwa makuu wamevitumia vitabu hivyo kizazi baada ya kizazi.

Je, wajua alivyosafiri? Kwa miguu pamoja na wapagazi, kwa baiskeli, kwa boti, kwa gari, na siku za baadaye kwa ndege. Hakutaka kuufahamu mto kwa karatasi peke yake.

Je, wajua kwa nini ofisi ya Kairo ilihangaika na mvua inayonyesha Bukoba au Kisumu? Misri yenyewe haina mvua ya maana. Takriban asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan hutoka nyanda za juu za Ethiopia, lakini hayo huja kwa kishindo, kwa miezi michache, mafuriko yakifikia kilele Agosti na Septemba. Kiasi kidogo kinachotoka kwenye maziwa yetu huja polepole mwaka mzima. Miezi ya ukame, Ethiopia inapokauka, Nile Nyeupe ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mto. Mkulima wa Misri aliyemwagilia pamba mwezi Aprili alikuwa akiishi kwa maji ambayo sehemu yake iliwahi kupita Jinja.

Wajua kwamba kumbukumbu za kina cha Nile pale Kisiwa cha Roda, Kairo, zinaanzia mwaka 622? Ni mwaka ule ule wa Hijra. Mnara wa kupimia maji uliosimama pale hadi leo ulijengwa mwaka 861, wakati wa Khalifa al-Mutawakkil wa ukoo wa Abbasi. Kuna mapengo, kuna miaka yenye mashaka, lakini mto wenye kumbukumbu za zaidi ya miaka 1,000 haupatikani kwingine. Kodi ya ardhi ilitegemea kimo cha gharika, kwa hiyo serikali ilikuwa na sababu nzito ya kupima bila kuchoka. Hazina hiyo ndiyo aliyoirithi Hurst.

Je, wajua swali lililomnyima raha? Lilikuwa swali la bwawa. Familia ya mkulima hujenga ghala la mahindi kwa kukadiria: mwaka mzuri tutajaza, mwaka mbaya tutapunguza, ghala liwe kubwa kiasi gani lisifurike wala lisiishe? Sasa weka mto badala ya mahindi, na badala ya mwaka mmoja au miwili weka miaka 100. Hurst alitaka kujua ukubwa wa hifadhi ambayo ingeiwezesha Misri kupata kiasi kile kile cha maji kila mwaka, wastani wa karne nzima, hata ikitokea miaka kumi ya ukame mfululizo. Mpango huo uliitwa Hifadhi ya Karne.

Njia yake ilikuwa hii. Chukua mtiririko wa kila mwaka, toa wastani, kisha jumlisha ziada na pungufu mwaka baada ya mwaka. Jumla hiyo itapanda na kushuka. Tofauti kati ya kilele chake cha juu kabisa na bonde lake la chini kabisa ndiyo ukubwa wa hifadhi unayohitaji. Hesabu ya mtoto wa shule, ukiitazama. Ugumu ni kwamba inataka miaka mingi, na inataka miaka isiyo na uzembe.

Je, wajua hesabu za siku zile zilitarajia nini? Wanahisabati walidhani mwaka mmoja wa mto hauna habari na mwaka uliopita, kama vile sarafu inaporushwa. Kama ndivyo, ukiongeza miaka mara 100, ukubwa wa hifadhi unaohitajika, ukilinganishwa na kuyumbayumba kwa kawaida kwa mto, unapaswa kuongezeka mara 10 tu. Nile haikutii. Iliongezeka kwa kasi zaidi.

Hurst hakukimbilia kutangaza. Alijiuliza kama huo ni ukaidi wa Nile peke yake au ni tabia ya dunia. Akakusanya takriban mifululizo 690 ya vipimo vya mambo ya asili: mito mingine, vina vya maziwa, mvua, joto, madoa ya jua, pete za miti, hata tabaka za tope katika ziwa la Saki huko Crimea, ambako kila mwaka huacha utando wake. Akazipiga hesabu zote bila kompyuta. Karibu kila alikogusa alikuta tabia ile ile. Kipeo kinachoonyesha kasi ya ongezeko hilo, ambacho kwa bahati nasibu kingekuwa 0.5, kilitoka wastani wa 0.73. Kwa kipeo hicho, miaka ikiongezeka mara 100, hifadhi inaongezeka karibu mara 29.

Tofauti ya 10 na 29 ndiyo tofauti ya bwawa linalotosha na bwawa linalokauka wajukuu wakitazama.

Wajua aliyathibitisha mambo hayo kwa kutumia nini? Karata. Alianza kwa kurusha sarafu za peni sita, kumi kwa mpigo, akaona zinachukua muda. Akatengeneza pakiti ya karata 52 zenye namba badala ya maua na majembe: karata 13 za jumlisha 1 na 13 za toa 1, nane nane za 3, nne nne za 5, na moja moja ya 7. Akazichanga, akakata, akaandika, akarudia, mamia kwa mamia. Zilipochangwa kwa haki, zilimpa hesabu ya bahati nasibu kama nadharia isemavyo. Kisha akabuni mchezo mwingine: alikata karata kwanza, na namba iliyotokea ikaamua pakiti ipendelee upande gani, juu au chini, akaendelea kukata kutoka pakiti hiyo iliyopinda mpaka karata ya jokari itokee, ndipo akaanza upya. Matokeo yakafanana na mto. Pakiti ilipopendelea mvua, ilitoa mvua mfululizo. Ilipopendelea ukame, ilitoa ukame mfululizo. Na hakuna ajuaye jokari litatoka lini.

Nimetafuta maelezo bora ya hali ya hewa ya kanda yetu kuliko mchezo huo, sijayapata.

Je, wajua alikuwa na umri gani alipochapisha ugunduzi huo? Miaka 71. Makala yake ilitoka mwaka 1951 katika jarida la Chama cha Wahandisi Ujenzi wa Marekani. Akiwa na miaka 85 alitoa kitabu kizima kuhusu hifadhi ya muda mrefu, akishirikiana na Black na Simaika. Ofisi nyingi za serikali zingekuwa zimemuaga kwa keki na saa ya ukutani miaka mingi kabla. Misri ilimbakiza kama mshauri, na dunia ikafaidika.

Wajua nani aliyelipa jina la Hurst umaarufu nje ya ofisi za maji? Mwanahisabati Benoit Mandelbrot. Mwaka 1968 alitoa maelezo ya kihisabati ya kile ambacho Hurst alikiona kwa jicho na penseli, na herufi H ya kipeo hicho inahusishwa na Hurst hadi leo. Mandelbrot na mwenzake Wallis waliiita tabia ya miaka mizuri kufuatana na miaka mibaya kufuatana kwa jina la Nabii Yusuf, kwa ile miaka saba ya neema na saba ya njaa. Mishtuko mikubwa ya ghafla wakaipa jina la Nabii Nuhu.

Je, wajua kwamba kipeo cha Hurst kinatumika pia katika masoko ya hisa, mapigo ya moyo na intaneti? Mwaka 1994 watafiti walionyesha kwamba msongamano wa data kwenye mitandao ya kompyuta una tabia ile ile: kukiwa na pilika, pilika huendelea, kukiwa kimya, kimya huendelea. Kipimo kilichozaliwa kwa ajili ya mashamba ya pamba kikaishia kwenye nyaya za kompyuta.

Sasa tuje kwetu.

Je, wajua mita moja ya Ziwa Victoria ni maji kiasi gani? Ziwa lina eneo la takriban kilometa za mraba 68,800. Likipanda mita moja, limeongeza karibu mita za ujazo bilioni 69. Wastani wa Nile nzima inayofika Aswan kwa mwaka, uliotumiwa katika mkataba wa maji wa 1959 kati ya Misri na Sudan, ni bilioni 84. Mgawo wote wa Misri katika mkataba huo ni bilioni 55.5. Kwa maneno mengine, mita moja tu ya ziwa letu inazidi mgawo wa Misri wa mwaka mzima. Ukijua hilo, utaelewa mara moja kwa nini mtu aliyekaa Kairo alilitazama ziwa hili kama hifadhi iliyokwisha kujengwa na Mungu, inayohitaji mlango tu.

Wajua maji ya Ziwa Victoria hutoka wapi? Wengi watajibu Kagera, na Kagera ndiyo mto wake mkubwa zaidi. Lakini takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia huanguka moja kwa moja kutoka mbinguni, juu ya ziwa lenyewe. Na sehemu kubwa kama hiyo hurudi angani kwa kuvukizwa na jua. Kinachotoka Jinja ni tofauti ndogo kati ya vitu viwili vikubwa. Ndiyo maana mvua ikizidi kidogo tu kwa miaka michache, ziwa hupanda kupita matarajio, na mvua ikipungua kidogo linashuka vibaya. Kina chake cha wastani ni mita 40 hivi. Ni ziwa pana, si refu kwenda chini, kwa hiyo jua lina uwanja mpana wa kufanyia kazi.

Hapo ndipo hoja ya Hurst ilipokuwa na nguvu. Ukihifadhi maji kwenye ziwa la ikweta, mvukizo unafidiwa na mvua. Ukiyahifadhi jangwani, hakuna mvua ya kufidia. Mpango wa Hifadhi ya Karne aliouandika na Black na Simaika mwaka 1946 ulitaka maji yawekwe katika Ziwa Victoria na Ziwa Albert, Kyoga likiwa katikati, pamoja na Ziwa Tana huko Ethiopia, na mfereji wa Jonglei uchimbwe Sudan Kusini ya leo ili maji yapite pembeni ya vinamasi vya Sudd. Ndani ya vinamasi hivyo karibu nusu ya maji yanayoingia hupotea.

Kama mpango wa maji, ni wa kuvutia mno. Kama mpango wa watu, una tundu kubwa. Ziwa likitumiwa kama tangi, mwambao unapanda na kushuka kwa amri ya mahitaji ya nchi nyingine, na wanaoishi kwenye mwambao huo ni wavuvi, wakulima wa mabondeni na wafugaji wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Sudan Kusini. Wengi wao hawakuulizwa. Naiheshimu sana kazi ya Hurst, na kwa sababu naiheshimu nasema wazi kwamba hesabu yake ya maji ilikuwa kamili kuliko hesabu yake ya binadamu.

Je, wajua sehemu moja ya mpango huo ilijengwa? Bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954. Misri ilichangia fedha ili ukuta uinuliwe kwa mita moja zaidi ya mahitaji ya umeme, ziwa lipate nafasi ya kuhifadhi maji. Maporomoko ya Ripon, yaliyokuwa kizingiti cha asili cha ziwa, yakatoweka.

Na je, wajua kizingiti hicho kiliendelea kufanya kazi kwenye karatasi? Misri na Uingereza, iliyoitawala Uganda, zilikubaliana kwamba bwawa liachie maji kama vile Ripon ingeyaachia yenyewe: ziwa likiwa na kimo fulani, kiasi fulani kitoke. Uhusiano huo ulichorwa kwenye grafu iliyojulikana kama Mchoro wa Makubaliano, nao umeongoza milango ya Jinja kwa miongo mingi. Wahandisi wa Misri waliwekwa Jinja kuangalia.

Wajua kilichotokea miaka saba baada ya bwawa kufunguliwa? Mwishoni mwa 1961 Bahari ya Hindi ilipata joto lisilo la kawaida upande wetu, na mvua za vuli zikaja kama hazijawahi kuonekana. Tanganyika ilikuwa inapata uhuru wake Desemba ile ile, na wazee wengi bado wanaziita mvua za uhuru. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Mita mbili peke yake ni mita za ujazo bilioni 137 na ushei. Kiasi kinachotoka Jinja kiliongezeka karibu maradufu, kikabaki juu kwa miaka mingi. Ziwa lilipita kimo ambacho Mchoro wa Makubaliano ulikifahamu, ikabidi mchoro urefushwe kwa msaada wa majaribio ya maabara huko Uingereza. Sudan Kusini, vinamasi vya Sudd vilitanuka mara kadhaa, watu na ng'ombe wakahama.

Fikiria mhandisi aliyeamini kwamba miaka haina kumbukumbu. Alikuwa na vipimo vya ziwa tangu 1896, zaidi ya miaka 60, na vyote vilimwambia kwamba ziwa hubaki ndani ya mipaka fulani. Mwaka mmoja ukavunja mipaka, halafu hali mpya ikakataa kuondoka. Karata ya jokari ilikuwa imetoka.

Je, wajua kwamba kabla ya hapo kulikuwa na mtu aliyeamini amepata ufunguo wa ziwa? Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alionyesha kwamba kina cha Ziwa Victoria kilifuatana na idadi ya madoa ya jua. Kwa miaka ile aliyokuwa nayo, mistari miwili ilikwenda sambamba kwa namna ya kushangaza. Miaka iliyofuata ikaachana. Rekodi ya miaka ishirini na kitu ilitosha kumshawishi mtu makini sana, na haikutosha kuwa kweli.

Wajua kwa nini Misri hatimaye iliacha maziwa ya kusini ikajenga Bwawa Kuu la Aswan? Wazo la bwawa moja kubwa lilisukumwa na mhandisi Mgiriki wa Misri, Adrian Daninos, na maofisa walioshika serikali mwaka 1952 walilipenda kwa sababu moja ya wazi: lilikuwa ndani ya mipaka yao. Hifadhi ya Hurst ilihitaji ridhaa ya nchi nyingi. Bwawa la Aswan lilihitaji ridhaa ya Sudan tu. Ujenzi ulianza 1960 ukakamilika 1970. Bei yake imo ndani ya mkataba wa 1959 wenyewe: kati ya zile bilioni 84 za mwaka, bilioni 10 zilitengwa kwa ajili ya jua la jangwani. Na Wanubi takriban 100,000 wa Misri na Sudan walihamishwa ili ziwa jipya lipate mahali pa kukaa. Hurst aliona mbali kuhusu mvukizo. Nasser aliona mbali kuhusu nani anashika ufunguo.

Je, wajua Tanganyika ilisemaje? Mwaka 1962 serikali yake iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na mkataba wa maji ya Nile wa 1929, kwa kuwa uliwekwa na mkoloni.

Na wajua kwamba mafuriko yale ya 1961 hadi 1964 yalizaa utafiti wa kwanza mkubwa wa pamoja? Mwaka 1967 Misri, Sudan, Uganda, Kenya na Tanzania zilianzisha mradi wa kupima maji na hali ya hewa katika maziwa ya juu ya Nile, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, makao yakiwa Entebbe. Vituo vya mvua, vya mito na vya kina cha ziwa vikaongezwa, na vijana wa nchi zetu wakafundishwa kazi ambayo awali ilikuwa ya ofisi ya Kairo.

Je, wajua Hurst alifariki lini? Desemba 1978, akiwa na miaka 98. Mwaka huo huo uchimbaji wa mfereji wa Jonglei, aliouhesabia maji kwa miaka mingi, ulikuwa umeanza. Vita vya Sudan viliusimamisha katikati ya miaka ya 1980 na haujamalizika hadi leo.

Wajua ziwa lilishuka kiasi gani mwaka 2006? Hadi kiwango cha chini ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 80. Ukame ulichangia, na kuachia maji mengi kuliko Mchoro wa Makubaliano unavyoruhusu, kwa ajili ya umeme wa Nalubaale na bwawa jirani la Kiira, kulichangia pia. Gati za Mwanza na Kisumu ziliachwa juu, mitambo ya kuvuta maji ya miji ikabaki kwenye tope. Aliyeishi ufukweni mwaka ule, akaona maji yamerudi nyuma, angeweza kujenga mbele kwa dhamiri safi kabisa.

Kisha Bahari ya Hindi ikarudia ilichofanya mwaka 1961. Mvua za mwishoni mwa 2019 zilimwagika, na Mei 2020 ziwa likavunja rekodi ya 1964. Mei 2024 likapanda tena kupita hapo. Nyumba, hoteli, masoko ya samaki, shule na makaburi viliingiliwa na maji kuanzia Budalang'i na Homa Bay hadi Entebbe na Mwanza.

Je, wajua kwamba tangu 1992 setilaiti hupima kimo cha Ziwa Victoria kutoka angani kwa usahihi wa sentimita chache? Ni msaada mkubwa. Lakini setilaiti haina mwaka 1896 wala 1961. Inapounganishwa na rekodi ya Jinja ndipo inapata umri. Ningependa kila anayepanga bajeti ya wizara ya maji, Dodoma, Nairobi, Kampala, Kigali au Gitega, alijue hilo kabla hajakata fungu la wasoma vipimo.

Na je, wajua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa? Ni sheria njema. Lakini pale ufukwe unapoinuka mita moja kwa kila mita 100, ziwa likipanda mita moja ukingo unasogea mita 100, na zile 60 zote ziko majini. Mita 60 zinapaswa kuhesabiwa kuanzia alama ya juu kabisa iliyoandikwa katika rekodi, si kuanzia mahali maji yalipo siku mpimaji ardhi anapofika na kamba yake. Alama hiyo ipo, tarakimu zake zipo, na halmashauri yoyote ya kando ya ziwa inaweza kuzipata kwenye ofisi ya maji ya bonde la ziwa.